Ushujaa wa Nani? Swali la Mtihani na Insha ya Mwalimu wa Nchelenge

Wasomaji wa kurasa hizi wamekwisha zoea kukuta humu uhakiki wa riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii tunawaomba ruhusa tuhakiki maandishi ya namna nyingine, ambayo hayakuchapwa popote wala hayatachapwa: insha ya mtihani yenye kurasa saba, iliyoandikwa na mwalimu wa shule ya msingi anayesomea shahada ya ualimu, pamoja na swali lililoizaa na alama iliyopewa. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, kwa wengi wetu, hujengwa na maswali ya mitihani kuliko unavyojengwa na vitabu. Mwanafunzi wa ualimu husahau mhadhara aliousikiliza, lakini swali alilolijibu huondoka nalo chuoni, akaenda kuwauliza watoto wa watu kwa miaka thelathini.

Mwandishi wa insha

Mwenzetu huyu hufundisha Nchelenge, katika Jimbo la Luapula nchini Zambia, ufukoni mwa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Mpaka uliochorwa na wakoloni umepita majini, lakini wavuvi, wachuuzi na maneno huvuka kila siku. Baba yake ni mtu wa upande wa Zambia, na kwa baba husemwa Kibemba. Mama yake ni Mtabwa wa upande wa Pweto, pale ambapo mto Luvua hutoka ziwani, naye alimlea mwanawe kwa Kiswahili cha Katanga. Hivyo lugha hii hakuikuta chuoni. Aliisikia kwa mama kabla hajajua kuandika jina lake.

Katika Zambia lugha saba za wenyeji ndizo zilizopewa nafasi rasmi shuleni, na Kiswahili si mojawapo. Kwa nini basi mwalimu wa Nchelenge ajitaabishe kusomea shahada ya ualimu wa Kiswahili? Sababu zake ni tatu, na zote ni za mtu mwenye akili timamu. Kwanza, mwaka 1919 si mwaka 2019: katika mwaka huo wa pili nchi za Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, Zambia ikiwa miongoni mwao, zilikikubali Kiswahili kuwa lugha yao rasmi ya nne, naye akaona kuwa siku moja walimu watatafutwa. Pili, tangu mwaka 2018 pana makazi ya wakimbizi wa Kongo huko Mantapala, katika wilaya yake hiyo hiyo, na watoto wengi wa huko hufika mbele ya mwalimu wakiwa na Kiswahili mdomoni na hofu moyoni. Tatu, shahada humwongezea mwalimu mshahara, na hakuna aibu katika kulisema hilo.

Akajiandikisha katika chuo kikuu kimoja kidogo nchini Tanzania, kwa mpango wa kusoma nyumbani na kuhudhuria chuoni wakati wa likizo. Mara moja kwa mwaka, mwezi wa Desemba, husafiri kwa basi kupitia Kawambwa, Mporokoso na Kasama hadi Nakonde, akavuka mpaka na kuingia Tunduma. Karo hutoka katika mshahara wake na katika biashara ya mkewe, ambaye huanika na kuuza chisense, vidagaa vya ziwa hilo. Wasomaji walioko mbali na Mweru wajue kwamba kuanzia tarehe mosi Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa kwa sheria, ili samaki wazaliane. Maana yake ni kwamba mwezi wa safari ya chuo ndio mwezi ambao nyumbani hakuna samaki wa kuuza. Kila alama anayopewa mwenzetu imelipiwa kwa namna hiyo.

Swali na jibu

Swali lilikuwa hili: «Jadili ushujaa wa Tippu Tip kama unavyojitokeza katika tawasifu yake.» Mwenzetu aliianza insha yake kwa swali lake mwenyewe: «Ushujaa wa nani?» Akaendelea kueleza kwamba watu waliopigwa katika kurasa za mwanzo za kitabu hicho, yaani Watabwa wa mtawala Nsama, ndio wazee wa mama yake, na kwamba basi analopanda kwenda kufanya mtihani hupita kusini mwa nchi hiyo hiyo. Akauliza kama mtu anaweza kujadili ushujaa wa bunduki bila kujadili mshale. Alipewa alama thelathini na mbili kwa mia, na pembeni yameandikwa maneno haya: «Umetoka nje ya swali. Hisia nyingi, hoja chache.»

Alituletea insha hiyo pamoja na barua fupi. «Walimu wangu,» aliandika, «nimebakiza mwaka mmoja. Niambieni kama kosa ni langu, nirudie mtihani. Au kama masomo haya si ya mtu wa kwetu, niyaache.» Barua ya namna hiyo haijibiwi kwa maneno ya kufariji. Hapana budi turudi kwenye kitabu chenyewe, kisha tuipime insha, na baada ya hapo tulipime swali.

Kitabu

Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake katika uzee wake huko Unguja, kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Maandishi hayo yalichapwa kwa Kiswahili na Kijerumani katika miaka ya 1902 na 1903, na mwandishi akafariki mwaka 1905. Baadaye Wilfred Whiteley aliyatoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na toleo hilo likachapwa Nairobi mwaka 1966. Katika historia ya nathari yetu kitabu hiki kina cheo ambacho hakuna awezaye kukiondoa: ni tawasifu ya Kiswahili iliyotangulia Maisha Yangu ya Shaaban Robert kwa zaidi ya miaka arobaini.

Tukianza na fani, nathari yake ni ya mfanya biashara. Sentensi ni fupi, zimefuatana kama mizigo ya wapagazi. Hazina mapambo, wala hazisimami kutazama mandhari. Msimulizi hufika, huuliza bei, hupigana, hupima, huondoka. Pembe huhesabiwa kwa frasila, kipimo cha ratili thelathini na tano hivi, na kipimo hicho ndicho kinachoipa hadithi mapigo yake. Msomaji akiwa makini atatambua kwamba hesabu hiyo ndiyo sauti halisi ya mwandishi. Anapotaja pembe hutaja kwa ukamilifu. Anapotaja waliouawa wa upande wa pili, na mateka, kalamu huenda mbio. Fani hapa imekwisha sema maudhui kabla maudhui hayajafungua kinywa.

Tukija kwenye kisa cha Nsama, ambaye katika kitabu huitwa Samu, mambo yanakuwa magumu zaidi. Msimulizi hamfanyi adui yake kuwa mtu dhaifu. Anaeleza jinsi wazee wa safari walivyomwonya asiende Itahua, kwa kuwa mtawala huyo alikuwa amekwisha washinda wafanya biashara waliotangulia. Anaeleza kwamba yeye mwenyewe alijeruhiwa kwa mishale. Baada ya hapo bunduki zinajibu, mji unatekwa, na pembe zinahesabiwa. Hayo yalitokea mwaka 1867. Katika miezi hiyo hiyo David Livingstone alikuwa akisafiri katika nchi hizo. Alikutana na Tippu Tip, akasaidiwa naye, na mnamo Novemba 1867 akafika Ziwa Mweru akifuatana na msafara wa wafanya biashara wa pwani. Shajara ya Livingstone inaeleza jambo linalofaa kukumbukwa: kwamba amani ilipofanywa, binti wa Nsama aliolewa na mmoja wa wafanya biashara hao ili kuithibitisha. Kwa hiyo habari ya Itahua haikuishia katika moshi wa bunduki. Iliendelea nyumbani, kwa ndoa na ukwe, kama zinavyoendelea habari nyingi za mipakani.

Pana jambo jingine ambalo wengi hulisoma bila kulipima. Mwandishi mwenyewe anaeleza kuwa jina la Tippu Tip lilitoka kwa watu waliokimbia bunduki zake, wakiuigiza mlio wake. Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Jina ambalo mtu huyu anajulikana nalo duniani kote, na ambalo limeandikwa juu ya kitabu chake, halikutungwa na yeye wala na Brode. Limetungwa na waliopigwa risasi. Hilo ni neno lao lililohifadhiwa, nalo ni neno la hofu.

Insha

Sasa tuipime insha. Kwa upande mmoja mwenzetu ameona jambo ambalo mtahini wake hakuliona: kwamba neno «ushujaa» si la kitabu, ni la swali. Tippu Tip hajiiti shujaa. Anajiita mtu aliyekwenda kutafuta mali akaipata. Aliyemvika ushujaa ni mtunzi wa swali, na kwa kufanya hivyo ameamua jibu kabla mwanafunzi hajashika kalamu. Swali kama hilo halimpi mwanafunzi kazi ya kuhakiki. Linampa kazi ya kuokota mifano.

Kwa upande wa pili, hatuwezi kumdanganya mwenzetu kwamba insha yake ni nzuri. Katika kurasa saba amekitaja kitabu mara mbili tu. Ukurasa wa tatu anadai kuwa mwandishi anawadharau Watabwa. Lakini onyo la wazee na majeraha ya mishale, ambayo yako katika kitabu na yangemfaa sana katika hoja yake, hayakutajwa hata kwa neno moja. Hakugusa habari ya jina. Hakutueleza kwamba msimulizi ni mzee anayezungumza na Mzungu katika Unguja ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa na sheria mwaka 1897. Mzee wa namna hiyo ana sababu zake za kuzungumza kwa urefu juu ya pembe na kwa ufupi juu ya watu. Kimya hicho ni sehemu ya matini, na mhakiki hupaswa kukisoma kama anavyosoma maneno. Mwenzetu alikuwa na haki ya kukasirika, lakini hasira yake aliitoa nyumbani akaileta katika karatasi bila kuipitisha kitabuni. Maneno «hoja chache» yaliyoandikwa pembeni, kwa masikitiko yetu, ni ya kweli.

Lugha ya insha nayo imepigwa mistari myekundu mingi. Baadhi ya mistari hiyo ni ya haki. Mtu anayeandika «niko nasoma» na «mu mashua» katika mtihani wa shahada hana budi kukumbushwa kuwa Kiswahili Sanifu husema «ninasoma» na «katika mashua», kwa kuwa kesho yeye ndiye atakayewasahihisha wengine. Lakini kando ya mistari hiyo pameandikwa «si Kiswahili», na hapo tunapinga. Ni Kiswahili cha Katanga, lugha ya mamilioni, na ndiyo lugha ambayo mtoto wa Mantapala huja nayo shuleni. Mwalimu wa Nchelenge anahitaji kuzijua lahaja zote mbili, na kuujua mpaka uliopo kati yake. Chuo kinachomwambia kuwa lugha ya mama yake si Kiswahili kimemnyang'anya daraja ambalo alikuja kulijenga.

Chuo kidogo na silabasi ya kuazima

Tumesema kuwa chuo hicho ni kidogo, wala hatukusema hivyo kwa dharau. Tunavifahamu vyuo vya namna hiyo, na baadhi yetu tumefundisha katika vyuo hivyo. Mhadhiri mmoja hufundisha fasihi simulizi asubuhi, historia ya lugha mchana, na mbinu za kufundishia jioni. Maktaba ina nakala moja ya kitabu cha lazima, na wakati wa likizo wanafunzi mia moja huisubiri. Katika hali hiyo nukuu za mhadhara hugeuka kuwa kitabu, na nukuu zenyewe mara nyingi zimeletwa na mhadhiri kutoka chuo kikubwa alikosoma yeye, zikiwa na mifano ya huko na maswali ya huko. Hivi ndivyo swali la ushujaa linavyosafiri: linatoka katika chumba kimoja hadi kingine kwa miaka mingi, bila mtu kukifungua tena kitabu.

Hata hivyo chuo kidogo kina mali ambayo chuo kikubwa hakina. Mhadhiri huwajua wanafunzi wake kwa majina na kwa makwao. Darasa lenye mtu wa Nchelenge, mtu wa Kigoma, mtu wa Sumbawanga na mtu wa Unguja ni darasa adimu la kukisoma kitabu cha Tippu Tip, maana kila mmoja amekaa mahali pake katika njia ile ile ya misafara. Mtu wa Unguja atasema habari za mwanzo wa safari, mtu wa Kigoma atasema habari za kuvuka Tanganyika, na mtu wa Nchelenge atasema habari za kufikiwa. Mwalimu aliye hodari angewauliza hao wanne swali moja tu: «Kutoka mahali ulipo, kitabu hiki kinaonekanaje, na ni maneno yapi ya kitabu yanayokuonyesha hivyo?» Sehemu ya kwanza ya swali hilo humpa mwanafunzi mahali pa kusimama. Sehemu ya pili humzuia asielee.

Tunapendekeza zaidi ya hayo. Mwaka 1951 kilichapwa kitabu cha Kibemba kiitwacho Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, maana yake wahenga wangu na watu wangu, kilichotungwa na Mwata Kazembe wa kumi na nne, Chinyanta Nankula. Ndani yake Walunda wa bonde la Luapula wanaeleza asili yao, kuhama kwao na urithi wa watawala wao. Si kitabu cha Watabwa, wala hakikuandikwa kumjibu Tippu Tip. Lakini Tippu Tip naye anasimulia vita vya Runda, nchi ya Kazembe, na hivyo vitabu hivi viwili vinaitazama nchi moja kutoka pande mbili. Mwanafunzi wa Nchelenge anavisoma vyote bila mkalimani. Ni wangapi kati ya wahadhiri wetu wawezao kusema hivyo? Somo la fasihi linganishi ambalo chuo kikubwa kingelitafutia fedha, chuo kidogo kimekwisha lipata katika dawati la nyuma, likaandikiwa alama thelathini na mbili.

Jibu letu

Tumemjibu mwenzetu kwamba arudie mtihani na asiache masomo. Tumemshauri kwamba swali likija tena kwa maneno yale yale, alijibu kwanza kama lilivyoulizwa, katika aya mbili zisizo na kasoro: aonyeshe kutoka kitabuni ujasiri wa msafiri aliyeonywa akaenda, akajeruhiwa akasimama. Hilo ni kweli, na kulikana ni kukosa uaminifu kwa matini. Baada ya hapo alipanue neno lenyewe, kwa ushahidi wa kitabu hicho hicho: mishale ya Nsama, jina lililotungwa na wakimbizi, na hesabu isiyohesabu watu. Mtahini anaweza kuipuuza hasira ya mwanafunzi. Ukurasa uliotajwa namba yake ni vigumu kuupuuza.

Tumemwambia pia kwamba masomo haya ni ya mtu wa kwao kuliko anavyodhani. Ziwa Mweru liliingia katika nathari ya Kiswahili tangu nathari hiyo ilipokuwa changa, tena liliingia kwa uchungu. Atakapopata shahada yake na kusimama mbele ya watoto wa Nchelenge na wa Mantapala, atakuwa na jambo la kuwaambia ambalo sisi wa pwani hatuwezi kulisema kwa niaba yake.

Kwenu, ndugu walimu mnaotunga na kusahihisha mitihani, tuna ombi moja. Kabla ya kulipeleka swali kwa mpiga chapa, lisomeni kana kwamba mmeketi katika basi la Kasama mwezi wa Desemba, na kitabu kiko magotini. Kama jibu limekwisha fungwa ndani ya swali, lifungueni. Insha ya mwenzetu tunamrudishia kwa posta, pamoja na nakala kamili ya kitabu, ili atakapoandika tena awe nacho mkononi.